Kubadilisha springi ya nyuma ya pikipiki ya safari: pima kwanza, nunua baadaye

Pikipiki nyingi za safari hutoka kiwandani na springi ya nyuma iliyochaguliwa kwa dereva wa uzito wa kati asiye na mizigo. Ukishafunga mabegi mawili ya pembeni, sanduku la nyuma, hema na sufuria, mkia unakaa chini, usukani unakuwa mwepesi, taa inamulika vilele vya miti, na kila shimo linagonga hadi kiunoni. Hapo wengi huikimbilia ringi ya shokapu, ile inayozunguka kwenye uzi na kuibana springi, na kuikaza. Pikipiki inainuka, lakini ikifika kwenye barabara mbovu kugonga kunaanza tena, safari hii kwa pande zote mbili: ikishuka na ikipanda.

Sababu ni kwamba kukaza ringi hakuifanyi springi iwe ngumu. Springi ya 80 N/mm huhitaji nyutoni 80 kubonyea kila milimita moja, na itabaki hivyo hata ringi ikikazwa hadi uzi uishe. Kinachobadilika ni mbano wa awali, yaani kiasi ambacho springi imeshabanwa wakati shokapu imenyooka kabisa. Mbano wa awali unapanga pikipiki ikae kimo gani. Ugumu wa springi unaamua itashuka kiasi gani kwa kila kilo inayoongezwa. Anayechanganya mambo haya mawili hununua springi isiyomfaa, au huishi na ile laini miaka yote akidhani kosa ni la shokapu.

Vipimo vitatu na mishuko miwili

Unahitaji futikamba, msaidizi mmoja, na mizigo yako yote ikiwa imefungwa kama unavyosafiri, tangi likiwa limejaa. Weka alama ya tepu kwenye fremu ya mkia au kwenye keria, wima juu ya ekseli ya nyuma. Vipimo vyote vitatoka katikati ya ekseli hadi alama hiyo, na kila mara kwenye alama ileile.

Kipimo cha kwanza (A) ni gurudumu likining'inia. Tumia stendi ya katikati, au unyanyue mkia mpaka gurudumu liache ardhi. Cha pili (B) ni pikipiki ikisimama wima kwa magurudumu yake, bila dereva wala mzigo. Cha tatu (C) ni dereva amekaa na mavazi yake yote ya safari, mzigo ukiwepo, miguu kwenye vikanyagio, huku msaidizi wa pili au ukuta ukizuia usianguke. Usipime C ukiwa umekanyaga chini, kwa sababu miguu itabeba sehemu ya uzito na utapata namba ya uongo.

Sili na bushi za shokapu hukwama kidogo, kwa hiyo B na C zipimwe mara mbili. Kwanza bonyeza mkia na uuache urudi polepole, upime. Kisha uinue kidogo na uuache ushuke polepole, upime tena. Chukua wastani. Tofauti ya milimita 3 hadi 5 kati ya vipimo hivyo ni ya kawaida. Ikipita milimita 10, angalia beringi za viungo vya chini, vile vinavyounganisha shokapu na swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma), kabla ya kufikiria springi: huenda zimekauka grisi au zimeota kutu.

A ukiitoa B unapata mshuko mtupu. A ukiitoa C unapata mshuko wa mzigo. Kwa pikipiki ya safari, mshuko wa mzigo uwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka, na mshuko mtupu uwe kati ya asilimia 7 na 12. Mwendo wa gurudumu umeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki: Royal Enfield Himalayan 411 ina mm 180 nyuma, Yamaha Ténéré 700 ina mm 200, Honda Africa Twin CRF1000L ina mm 220. Kwenye mm 200, lenga mshuko wa mzigo wa mm 60 hadi 67 na mshuko mtupu wa mm 15 hadi 25.

Sasa zisome namba hizo kwa pamoja. Moja peke yake haisemi chochote kuhusu ugumu. Rekebisha ringi mpaka mshuko wa mzigo uwe sawa, kisha pima mshuko mtupu. Ukiwa mdogo mno, tuseme mm 5 au sifuri, springi ni laini, na umelazimika kuibana sana ili ikubebe. Ukiwa mkubwa mno, mm 35 au zaidi, springi ni ngumu kuliko unavyohitaji. Watu wengi hudhani kinyume, kwamba pikipiki isiyoshuka ikisimama peke yake ina springi ngumu, na ndiyo maana tunasisitiza.

Hesabu ya ugumu

Tuchukue pikipiki yenye mwendo wa gurudumu wa mm 200, mwendo wa shokapu wa mm 80, na springi ya 80 N/mm. Gurudumu linatembea mara 2.5 ya shokapu, kwa hiyo milimita moja ya ringi inainua mkia milimita 2.5. Kwenye gurudumu, springi hiyo ina nguvu ya 80 ikigawanywa kwa 2.5, kisha tena kwa 2.5, yaani 12.8 N/mm tu. Hapo ndipo unapoona kwa nini mizigo inaumiza. Sanduku la kilo 20 lililokaa sentimita 30 nyuma ya ekseli, kwenye pikipiki ambayo ekseli zake ziko mita 1.5 mbali, linaongeza kilo 24 kwenye gurudumu la nyuma na kuondoa kilo 4 kwenye la mbele. Mkia unashuka karibu mm 18 kwa sanduku hilo peke yake.

Tuseme pikipiki hiyo ina mshuko mtupu wa mm 20 na mshuko wa mzigo wa mm 80. Dereva na mzigo wake wameishusha mm 60. Ukikaza ringi mm 6, mshuko wa mzigo unakuja mm 65 kama ulivyotaka, lakini mshuko mtupu nao unaporomoka hadi mm 5. Bila mzigo, gurudumu halina tena nafasi ya kushuka shimoni, na shokapu inagonga mwisho wake wa juu kila mkia unapopanda.

Unachotaka ni mshuko mtupu ubaki mm 20 na wa mzigo uwe mm 65, yaani tofauti ya mm 45. Hesabu ni fupi: ugumu wa sasa mara tofauti ya sasa, gawanya kwa tofauti unayoitaka. 80 × 60 ÷ 45 inatoa 107. Springi huuzwa kwa hatua, mara nyingi za 5 N/mm, kwa hiyo utachagua 105 au 110. Kama mzigo huo ni wa safari ya mara moja kwa mwaka na siku nyingine unaendesha peke yako, shuka hata hadi 95 au 100 na ukubali kukaza ringi kidogo siku ya safari. Springi ichaguliwe kwa mzigo unaobeba siku nyingi. Iliyochaguliwa kwa siku moja ya mwaka itakuchosha siku zote zinazobaki.

Ikiwa springi ya sasa haina namba, pima unene wa waya wake (d), kipenyo cha katikati ya waya hadi katikati ya waya (D), na idadi ya mapindi yanayofanya kazi (n). Usihesabu yale ya mwisho yaliyolala bapa. Zote kwa milimita. Ugumu ni 79,000 × d⁴ ÷ (8 × D³ × n). Waya wa mm 12, kipenyo cha mm 70 na mapindi 7 vinatoa karibu 85 N/mm. Kwaruza rangi kwenye pindi la mwisho lililolala, tena pale tu, ndipo upime waya: d inazidishwa yenyewe kwa yenyewe mara nne (d × d × d × d), na rangi ya robo milimita inatosha kukupoteza kwa asilimia 8. Kwa sababu hiyohiyo, waya wa mm 13 badala ya 12, mengine yakiwa sawa, unaongeza ugumu kwa karibu asilimia 38. Springi mbili zinaweza kufanana kwa macho na zisifanane kabisa kazini.

Namba za dukani huandikwa kwa vipimo tofauti. Kilo 1 kwa milimita ni 9.81 N/mm, na 1 N/mm ni paundi 5.7 kwa inchi. Springi iliyoandikwa 600 kwa paundi na inchi ni ya 105 N/mm.

Springi gani itaingia

Ugumu ukishapatikana, yabaki mambo matatu. Kipenyo cha ndani lazima kilingane na sahani za shokapu yako, zile zinazoshikilia springi kwenye ncha zake. Ikilegea, springi inakaa upande na kukwaruza mwili wa shokapu. Urefu ulio huru uwe karibu na wa zamani, ili ringi ipate uzi wa kutosha kulegea na kukaza. La tatu husahauliwa: springi isifunge mapindi kabla shokapu haijamaliza mwendo wake. Zidisha unene wa waya kwa idadi ya mapindi yote. Waya wa mm 12.5 wenye mapindi 8 na nusu unafunga kwenye mm 106. Springi yenye urefu wa mm 210 ina mm 104 za kubonyea. Mwendo wa shokapu mm 80 na mbano wa awali mm 12 ni mm 92, kwa hiyo zinabaki mm 12 za usalama. Zikibaki chini ya mm 4, iache. Mapindi yakigongana chuma kwa chuma, nguvu yote inahamia kwenye sahani na bolti.

Kuhusu springi inayozidi kuwa ngumu kadiri inavyobonyea, msimamo wetu ni huu: kama pikipiki ina viungo vya chini kati ya swingamu na shokapu, chukua springi ya ugumu mmoja, maana viungo tayari vinaongeza ugumu kuelekea mwisho. Kama shokapu imefungwa moja kwa moja kwenye swingamu, kama ilivyo kwenye KTM 790 Adventure, springi ya ugumu unaopanda ina maana zaidi. Hesabu ya hapo juu kwa springi za namna hiyo ni ya kukadiria tu.

Kutoa shokapu

Kabla ya kufungua chochote, andika mpangilio wa sasa. Zungusha skurubu ya mrudisho, inayopunguza kasi ya shokapu kunyooka na ambayo mara nyingi iko chini ya shokapu, kuelekea saa huku ukihesabu kliki mpaka iguse mwisho, kisha irudishe ilipokuwa. Iguse kwa vidole viwili tu, maana sindano ya ndani huumia ikilazimishwa. Fanya vivyo hivyo kwa skurubu ya mbonyezo, inayopunguza kasi ya shokapu kubonyea, kama ipo. Pima pia uzi unaoonekana juu ya ringi.

Pikipiki iegemee kwenye fremu, na mkia uwe huru. Stendi ya katikati inafaa. Jeki chini ya injini inafaa kama kuna ubao katikati na mbele pamefungwa mkanda usiruhusu pikipiki kusonga. Stendi ya kunyanyua swingamu haifai hapa: ukitoa bolti ya shokapu, pikipiki nzima inakaa chini.

Toa kiti, vifuniko vya pembeni, na chochote kinachoziba njia. Pikipiki nyingine hutaka bomba la moshi litoke au gurudumu lishuke. Chomeka vipande vya mbao chini ya tairi mpaka bolti ya chini ya shokapu izunguke kwa urahisi. Hiyo ndiyo dalili kwamba haibebi chochote. Bolti ikikataa kutoka, inua au shusha tairi kidogo kwa kabari na ujaribu tena. Ukiipiga nyundo utaharibu uzi na beringi ya sindano iliyoko ndani. Chini kwanza, kisha viungo kama vinazuia, halafu bolti ya juu huku mkono mmoja umeishika shokapu. Angalia mpira wa breki na waya wa ABS visivutwe swingamu inaposhuka.

Kama shokapu ina chupa ya pembeni au kirekebishi cha mbali chenye mpira wa oili, vyote vitoke pamoja nayo bila kufungua mpira wowote. Ndani ya shokapu mna naitrojeni yenye mgandamizo mkubwa, mara nyingi bari 10 au zaidi. Kazi hii ya springi haihitaji kuigusa.

Kubadilisha springi

Osha shokapu kwanza, hasa uzi wa ringi. Pitisha brashi ya nailoni na mafuta mepesi mpaka ung'ae. Uzi huo ni wa alumini, na chembe moja ya mchanga inatosha kuula. Legeza ringi ya kufungia kwa spana ya ndoano, kisha legeza ringi ya kurekebishia hadi mwisho. Patasi na nyundo humaliza meno ya ringi kwa siku moja.

Springi ikicheza kwa mkono ringi ikiwa mwisho wake, una bahati. Isukume juu sentimita moja, sogeza raba ya kizuizi, chomoa sahani yenye mkato upande wa chini, na springi inateleza nje. Isipocheza, tumia kibana springi cha mezani chenye vyuma viwili vya uzi, ukikaza pande zote kwa zamu ili springi isiinamie upande. Springi yetu ya 80 N/mm, ikiwa imebanwa mm 14, inasukuma kwa nyutoni 1,120, zaidi ya uzito wa kilo 110, na unapoibana zaidi ili sahani itoke nguvu inapanda. Mikanda ya mizigo haikuundwa kwa kazi hii. Usiweke uso wala vidole kwenye mstari wa springi, na kama huna kibana cha kweli mpelekee fundi wa shokapu sehemu hii moja. Ni kazi ya dakika chache kwake.

Chuma chembamba kinachong'aa ndicho roho ya shokapu. Usikishike kwa koleo, usikilaze juu ya zege. Mkwaruzo unaousikia kwa kucha utakata sili, na oili itaanza kutoka. Raba ya kizuizi ikiwa imepasuka au inavunjika kama keki, hii ndiyo nafasi ya kuibadilisha.

Ingiza springi mpya, rudisha sahani, hakikisha imekaa katikati. Kama springi ina mapindi yaliyobanana upande mmoja, fuata mwelekeo wa mtengenezaji. Shusha ringi mpaka iguse springi bila kuisukuma, weka alama, kisha kaza. Hapa wengi hukosea kwa kurudisha ringi ilipokuwa. Springi ngumu zaidi inahitaji mbano mdogo: kwenye mfano wetu, mm 14 za springi ya 80 zinakuwa karibu mm 9 kwa springi ya 105 ili mshuko mtupu ubaki uleule. Pima milimita hizo kwa kaliper, usitegemee idadi ya mizunguko. Ukijikuta unahitaji zaidi ya mm 20, rudi kwenye hesabu.

Kurudisha

Shokapu ikiwa nje, beringi za viungo ziko wazi mbele yako. Zitoe bushi zake, zifute, zipake grisi isiyoogopa maji, na angalia kama sindano zimeacha mistari kwenye bushi. Bushi yenye mistari ibadilishwe. Bolti zipakwe grisi nyembamba mwilini, uzi ubaki msafi, na nati za kujifunga zenye nailoni ziwe mpya. Anza na bolti ya juu, kisha ya chini, zote kwa mkono kwanza. Kipimo cha kukaza kitoke kwenye kitabu cha pikipiki yako na kifuatwe kwa spana ya torki. Kama jicho la shokapu lina bushi ya raba, kaza mwisho pikipiki ikiwa imekaa kwenye kimo chake cha kuendesha, la sivyo raba itaishi ikiwa imepindika na itachanika mapema.

Kupanga upya

Pima tena mishuko yote miwili. Rekebisha ringi mpaka wa mzigo uingie mahali pake, kisha soma mtupu. Ukiwa kati ya mm 15 na 25 kwa mfano wetu, springi imekubali. Funga ringi ya kufungia.

Halafu mrudisho. Springi ya 105 mahali pa 80 ni ongezeko la asilimia 31, na ukinzani wa oili unaohitajika kuituliza unapanda kwa takriban asilimia 15. Anza kwa kuongeza kliki 2, bonyeza mkia kwa nguvu na uuangalie: upande mara moja na utulie. Ukipita kimo chake na kurudi chini, ongeza kliki nyingine. Ukipanda kwa uvivu, umezidisha: kwenye mashimo yanayofuatana shokapu haitapata muda wa kurudi, na mkia utazidi kushuka shimo baada ya shimo. Mbonyezo uache ulipokuwa, maana springi mpya tayari imechukua sehemu ya kazi yake. Ikiwa umefunga mrudisho mpaka mwisho na mkia bado unaruka, shokapu yenyewe inahitaji kufunguliwa na kupangwa upya ndani. Hutokea sana ongezeko la ugumu likipita robo.

Mkia ulioinuka unabadilisha mengine. Pima ulegevu wa mnyororo upya, mahali ambapo sproketi ya mbele, kiungo cha swingamu na ekseli viko kwenye mstari mmoja, kwa sababu hapo ndipo mnyororo unakaza zaidi. Shusha au inua taa. Angalia stendi ya pembeni: pikipiki iliyoinuka inalala zaidi na inaweza kuanguka ikiwa na mzigo. Usukani utakuwa mwepesi zaidi kuingia kona. Ukiuona unayumba kwenye mwendo wa kasi, punguza kimo cha nyuma kidogo au tazama springi za mbele, ambazo mara nyingi ni laini kwa sababu zilezile.

Baada ya kilomita 200, kagua bolti zote kwa spana ya torki, ringi ya kufungia, na mshuko wa mzigo. Mlio wa "tak" mkia unapopanda juu ya tuta ni shokapu inayogonga mwisho wa juu: mrudisho ni mdogo au mbano ni mwingi. Mlio unaosikika kila unapotikisa gurudumu kwa mkono ni bolti au beringi. Na kila unapoosha pikipiki, tazama rangi ya springi. Pale ilipochubuka, paka rangi mara moja, kwa kuwa springi hukatika kuanzia kwenye kishimo kidogo cha kutu.